Mizani ya Malafyale

Mimi ndiye ninayekaa nyuma ya pazia la bluu,
tochi mdomoni, daftari gotini.
Mwigizaji akisahau, namtupia neno
kama punje kwa kuku, mkono usionekane.

Mchezo wetu ni wa Malafyale Mwandupesa,
aliyekataa kutia dole gumba kwenye karatasi ya Mjerumani.
Ambilikile ndiye Malafyale. Mchana anapakia viazi,
lumbesa juu ya lumbesa, malori ya Dar yakiunguruma;
Jumamosi usiku anavaa ngozi ya ndama
tuliyoitia madoa ya chui kwa rangi ya viatu,
na nusu ya Tukuyu inamwamini.

Maneno yake niliyatunga mimi,
nikihesabu kwa vidole, nane, nane, hadi jogoo:

    Nchi hii siiuzi,
    kwa shanga wala mavazi,
    ng'ombe, mto na mizizi,
    ni amana ya wazee.

Hapo ukumbi hupasuka kwa makofi.
Na mvua juu ya bati, isiyokubali kupitwa.

Jumamosi ya tatu akaja Tupokigwe,
mjukuu wa Mwandupesa kwa binti yake wa mwisho.
Alilipa kiingilio. Alikaa na mwavuli mapajani.
Hakupiga makofi.
Tulipokuwa tunakunja viti akanifuata:
"Babu alikuwa na kigugumizi.
Mama alisema ile 'hapana' yake ilichukua muda
wa bunduki kujazwa risasi,
na bado aliimaliza."
Akauliza kama chai imebaki.
Haikubaki. Akaenda zake.

Wiki nzima nilimchukia yule mama.
Vina vyangu! Usingizi wangu!
Ambilikile hakusema lolote,
ila nilipopita ghalani nilimsikia, peke yake na magunia,
akijikwaa makusudi kwenye herufi ya kwanza.

Jumamosi. Mwalimu Lwitiko, Mjerumani wetu,
unga wa ngano hadi masikioni,
akaisukuma karatasi mezani.
"N... n..."
Nikadhani kasahau. Nikamtupia: nchi!
Hakuokota.
"N... nch..."
Watoto wa mbele wakacheka, mmoja akamwiga.
Nikatupa tena, kwa sauti, safu ya pili ikageuka kunitafuta.
"Nchi... nchi hi... hii si..."
Kicheko kikapungua, kikawa kikohozi,
kikakosa mwenyewe.
Shingo ya Ambilikile ilivimba kama anainua gunia
ambalo hakuna wa kumtwisha.
Hata Lwitiko, ambaye kazi yake ni kungoja kwa dharau,
akaanza kungoja kweli; unga ukamdondoka kidevuni.
Nilihesabu mizani, vidole vikaniishia.
Nikazima tochi.

"...siiuzi."

Hakuna aliyepiga makofi.
Mvua tu, na mtu mmoja nyuma aliyesema, "Ee."

Tupokigwe hakuja usiku ule.
Sijui kama ndivyo babu yake alivyokuwa;
kigugumizi hakiachi maandishi.

Jumatatu Ambilikile alinikuta kwenye malori,
mgongo umepinda, sikuuona uso:
"Pale usinitupie neno tena.
Hata nikikaa hadi asubuhi."