Chini ya Vistari

Bwana Temu, meneja wetu, hutia sahihi kama anayejenga ukuta:
jina, cheo, sanduku la posta, simu tatu, faksi iliyokufa,
mstari wa Zaburi, na onyo refu kwa asiyehusika.
Juu yake vistari, mara viwili, mara kumi,
vimegandana na jina, havina pumzi.

Kanuni inataka vistari viwili, kisha nafasi moja tupu.
Nafasi hiyo haionekani, ila ndiyo mlango.
Yeye haiachi.

Basi mwezi wa sita nikatunga chujio,
hapa ghorofani, Moshi mjini,
mitambo ya kukoboa ikinguruma ng'ambo ya reli:
*Ukikuta mstari ulioanza na vistari viwili, kata.
Vyote vya chini yake, ficha.*
Barua pepe zikawa nyepesi kama maganda.
Nikajisifu, nikanywa chai.
Ndiyo, chai, katika mji wa kahawa.

Kumbe kule Mwika, kwenye mizani,
Bi Aikunda alifundishwa kupiga chapa
kwenye mashine ya chuma, na mwalimu mkali:
ukimaliza salamu, piga vistari viwili,
shuka,
ndipo useme la haja.

Salamu nilizipata zote. Wiki saba.
*Habari za huko. Sisi wazima. Baridi imeshuka.*
Namjibu: Asante mama, nasi wazima.
Nikawaza, huyu ana adabu, hana neno.

Jumatano akashuka mwenyewe,
udongo mwekundu viatuni.
Nilimvutia kiti, hakuketi.
"Mizani inaiba. Kilo mbili kila gunia.
Nimekuandikia mara saba."

Nikafungua nakala asili, ambazo chujio halizigusi.
Zilikuwapo.
Mizani. Majina ya wakulima, kumi na tisa.
Mizani tena, na *tafadhali*.
Na ile ya saba, chini ya vistari, mstari mmoja:
*Au tumewakosea nini?*

Alisoma pamoja nami, begani kwangu.
Hakusema kitu. Mimi ndiye niliyekohoa.

Usiku ule nikaandika upya:
vistari viwili, nafasi moja,
mistari isizidi minne, tena iwe mwisho wa barua.
Pasipo hayo, acha.

Sahihi ya Bwana Temu imerudi,
na faksi yake, na Zaburi yake.
Kila asubuhi naishusha kwa kidole, polepole,
nikiangalia kama chini yake
kuna mtu.