Kitenzi

Habari inaingia saa kumi na moja alfajiri,
ukungu wa Tukuyu bado umeukumbatia mlingoti.
Upande mmoja "wameuawa".
Upande wa pili "wamefariki",
kana kwamba walishikwa na homa njiani.
Mwakibete, mhariri, hanitazami:
"Soma kama ilivyo, Tusekile. Chai inapoa."

Juzi Ambakisye alikuja na bango,
rangi ya bendera inamchuruzika viganjani kwa mvua.
Aliniuliza mara mbili saa ya matangazo,
mara tatu kama jina lake litatajwa.
Idadi ya watoto hakuiuliza.
Kesho yake wakaja wa kanisani na bendera nyingine,
nao wakauliza saa.

Wala mimi sijitoi humo:
napenda sauti yangu ikipenya jikoni kwa watu,
wakaacha kumenya ndizi.

Taa nyekundu inawaka.
Huko, mama anachakura kifusi kwa kucha,
hajui mwanawe atasomwa kwa kitenzi gani.
Nakata neno kwa kalamu.
"Wameuawa," nasema. Navuta pumzi.
Na hawa pia: "wameuawa."

Mwakibete anagonga kioo.