Kilo Moja ya Maji

Kilichonitisha hakikuwa mvi.
Mvi zilikuja mbili, kisha zikaleta ukoo, nikazipokea.
Kilichonitisha ni kigoda.
Asubuhi ya Mei, ukungu umeikalia Rungwe kama mwenye shamba,
nilimaliza kumenya ndizi, nikasema ninyanyuke,
na mwili ukaniuliza: wewe na nani?

Nikashika ukuta. Nikashika na fremu ya mlango.
Miaka hamsini na minane,
na kigoda cha shubiri mbili kinanibwaga mieleka.

Mimi nimechuma chai.
Tenga mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu,
na mvua ya Tukuyu isiyobisha hodi wala kuaga.
Jioni kituoni, kikapu kikibembea kwenye ndoana,
karani anasoma: ishirini na sita.
Halafu kalamu inashuka:
toa mbili, unyevu.
Kila jioni toa mbili.
Aliyenyesha ni Mungu, aliyekatwa ni Subilaga.

Sasa Gwantwa, mtoto wa marehemu mdogo wangu,
anayewafundisha wagonjwa kutembea upya huko Mbeya mjini,
kaniletea kopo.
Unga mweupe, hauna harufu, hauna ladha,
unaitwa kreatini.
Nililitamka jina hilo, likatoka limevunjika goti.

Akasema: mwili hujitengenezea kidogo,
kingine hutoka kwenye nyama na samaki.
Nyama! Nikamwambia, hapa nyama tunaionea misibani.
Akasema: hedhi ikishakoma, misuli nayo huanza kuhama,
polepole, haiitishi kikao.
Akanipeleka kwanza nikapimwe figo.
Hapo ndipo nilipomwamini,
maana mganga wa uongo hapimi, hutoa tu.

Jirani yangu Tumpe aliliona kopo dirishani.
“Subilaga, uzeeni huu umeanza unga?”
“Nimeanza. Kesho njoo utazame teja akichuchumaa.”

Kijiko kimoja ndani ya uji. Gramu tano.
Gramu!
Mimi niliyehesabiwa kwa kilo na kudhulumiwa kwa kilo,
leo naponea kitu ambacho karani angekipuliza
kitoke kwenye sahani ya mizani.

Lakini unga haunyanyui ndoo.
Gwantwa alilisema hilo mara tatu, kidole juu, kama mama yake.
Kwa hiyo: kaa kigodani, simama, mikono kifuani.
Kaa. Simama.
Dumu la lita tano huku, dumu la lita tano kule,
panda kilima hadi kwenye mti wa parachichi, shuka.
Mjukuu wangu Lusajo anahesabu, na anaiba;
kutoka sita anarukia tisa kwa kunihurumia.
Namrudisha. Sitaki tena hesabu ya kalamu ya mtu.

Siku ya kwanza niliweza nne, na ya nne ilikuwa ya matusi.
Juma la tatu, saba.
Kuna siku mvua ilinizuia, kuna siku uvivu,
kuna siku nilisahau kijiko, nikakumbuka usiku wa manane
nikabaki nimelala.

Mwezi wa pili Gwantwa akanipandisha kwenye mizani.
Kilo moja imeongezeka.
Nikauma mdomo. Ndizi hizo, nikasema.
“Siyo ndizi, mama mkubwa. Ni maji.
Huo unga huyavuta yakaingia kwenye misuli.”

Maji?

Nilicheka hadi kuku wakatoka jikoni.
Miaka ishirini na tisa, mbili kila jioni,
na leo yamekumbuka njia,
kilo moja imerudi kwa mwenyewe.

Sijui kama ni kijiko, au madumu, au ubishi wangu tu.
Kopo linaisha, na bei yake si ya mchuma chai;
tutaona.
Ila Jumapili, kanisani, walipoanza wimbo,
nilikuwa nimesimama kabla ya kinanda,
na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kitabu.

Karani, popote ulipo,
andika ishirini na sita.
Halafu weka kalamu chini.