Meno ya Mbele

Hapa Goma pikipiki tunaiita moto,
na barabara zetu nyingi ni moto uliopoa.
Sishangai basi matairi yangu yakifa mapema:
jiwe la volkeno halina subira na mpira,
linamega kidogo kidogo, kama panya kwenye gunia,
nawe unadhani unasafiri.

Hangi alichuchumaa nyuma ya moto wangu,
akachomeka njiti ya kibiriti kati ya meno ya tairi.
Haikuzama hata kichwa.
"Miezi miwili unatembelea ngozi," akasema,
akafuta mikono kwenye suruali
iliyosahau zamani ilikuwa ya rangi gani.

Jumamosi, Birere, kwa Mama Kavugho.
Kumi na nane nyuma, ishirini na moja mbele, nikamwambia,
kama mtu anayetaja namba ya kiatu.
Hakutaja bei.
Akauliza: "Kwa juma, lami siku ngapi, tope siku ngapi?
Usinidanganye, tairi litakuja kukusema."

Nikakaa juu ya bidoni, nikahesabu kwa vidole.
Jumatatu, sanduku la chanjo mpaka Sake: lami, tuseme lami.
Jumanne napanda Masisi,
na mvua ikinyesha barabara yenyewe inashuka kunipokea.
Jumatano narudi, kama nimerudi.
Alhamisi Kibumba, mawe.
Ijumaa mawe.
Jumamosi naosha moto.

"Na Jumapili?"

Jumapili ilikuwa lami tupu:
Himbi, kwa baba, na magazeti aliyoyashika
wima mbele ya uso, bila miwani,
ili nisijue kwamba haoni.
Mpaka mwezi wa tatu.

"Jumapili hakuna," nikasema.

Hakuuliza. Mkono wake uliokuwa juu ya tairi laini,
laini kama shavu la mhubiri,
ukahama polepole, ukatua kwenye lile la meno.

Lilikuwa zito, na linanuka duka.
Hili kwenye lami litanguruma, akaniambia,
kama mtu anayekula karanga kanisani.
Kulikuwa na la katikati pia, nusu kwa nusu,
ndilo wanalonunua wengi.
"Nusu kwa nusu," Hangi akacheka,
"nalo linakuangusha nusu kwa nusu. Mguu mmoja."

Dola sabini na tano moja.
Mfukoni nina mia, na mia hiyo
ina mchele ndani yake, na kodi ya mwezi.
Mbele au nyuma?
Nilitaka nyuma, ndiko njiti ilikonitia aibu.
Hangi akatikisa kichwa:
"La nyuma likiteleza, unacheza.
La mbele likiteleza, unalala."

Basi meno mapya mbele, na nyuma
lililokwishatumika, dola kumi na nane,
la mtu nisiyemjua, aliyekuwa akiegemea kushoto.
Nilimwomba Hangi kibiriti.
Njiti ikazama nusu. Inatosha.

Tairi jipya lina vinywele,
vyembamba, vyeusi, kama kidevu cha mvulana wa sekondari.
"Usiende nalo topeni hivyo," akasema, "lina mafuta ya kiwandani.
Lisugue kwanza kwenye lami, taratibu, bila breki za hasira."

Lami ipo wapi, isiyo na malori, asubuhi ya Jumapili?

Nilikwenda Himbi.
Meno yalinguruma njia nzima, karanga, karanga,
watu waliotoka misa wakageuka.
Geti lilikuwa limepakwa rangi ya bluu na watu wengine.
Sikusimama. Nilipunguza tu,
kama Hangi alivyoniagiza.

Niliporudi nilipitisha kidole mbele.
Katikati vinywele vimeisha.
Pembeni bado vipo.