Karanga

Darasa la jioni, Twin Falls.
Bi Lorna anaorodhesha ubaoni
Kiingereza kinavyoviita visivyo kitu:
karanga, viazi vidogo,
kilima cha maharage, chakula cha kuku.

Nanyoosha mkono. Naushusha.
Mchana kutwa nimechambua viazi kiwandani,
kucha bado zina udongo.

Karanga, Bi Lorna, zilinilipia karo.
Maharage ya Nabintu, kikombe kimoja siku tatu,
yalitufikisha Nyarugusu.
Cha kuku tusikizungumze.

"Tunga sentensi."
Naandika: kwa msimamizi wangu mimi ni karanga.

Kalamu nyekundu inaipita karanga,
inatua kwenye neno mimi.
"Hili," anasema, "kwa Kiingereza
huanza na herufi kubwa,
popote lilipo."