Picha ya Arobaini na Moja, Ngamiani

Wingu limepanda kutoka Amboni,
jeusi kama kitako cha sufuria.
Nami nimepanda juu ya tangi, simu mkononi,
kioo chake kina ufa tangu Idi.

Zumaridi, paka wetu, kajikunja ukingoni mwa bati,
masikio nyuma; hataki kupigwa picha.
Nahesabu moja, mbili…
radi haimngoji mtu abonyeze.

“Mwanakombo! Nguo zinalowa!”
“Naja, mama.”
Sikwenda.

Picha arobaini na moja.
Arobaini giza tupu, na kidole changu.
Iliyobaki: mkia ukitoroka pembeni,
na mama uani, akinyang'anyana shuka na upepo,
uso wote umemulikwa na radi
ambayo mimi sikuiona.

Sijamwonyesha.
Ataniuliza nilikuwa wapi.