Nyuzi Mbili za Justina

Dada yangu Justina kaniachia nyota kumi na mbili
ndani ya mkebe wa biskuti. Manitoba, Februari:
theluji imefika kwenye vioo vya jikoni
na trekta la Abram limegoma kuwaka.

Nyota za ncha nane, za viraka:
samawati ya gauni la mama,
hudhurungi ya suruali za kuvunia ngano,
nyeupe ya magunia ya unga yaliyochemshwa mara mbili.
Mfarishi unataka thelathini.
Harusi ya Marlene ni Juni.

Mshono ni robo inchi, basi.
Tulifundishwa hivyo sisi wawili, kwenye meza hii hii:
mkanda wa gundi juu ya bamba la cherehani,
ukingo wa kitambaa uuguse mkanda, usiupande.
Mshono wa juu uulaze kushoto kwa pasi,
wa chini uulaze kulia,
uviweke uso kwa uso, ufumbe macho,
upapase kwa kidole gumba mpaka usikie
tuta limeingia kwenye bonde lake,
kama mlango ulioshika komeo.
Hapo ndipo pini. Si kando yake. Hapo.
Na pasi haiburutwi: inashushwa, inainuliwa.

Nimefuata hivyo miaka hamsini.
Nyota ya kumi na tatu nikaiweka ubavuni mwa ya kwake
na mishono haikukutana.

Nikatoa rula. Za kwake kubwa.
Nikafumua ncha moja, nikahesabu:
Justina alishona akiacha nyuzi mbili kabla ya mkanda.
Nyuzi mbili! Ukope ni mnene kuliko hizo.
Ila mishono ni minane, na nyuzi mbili mara nane
ni upana wa mbegu ya alizeti,
na mbegu tano za alizeti, safu nzima,
ni pengo la kupitisha kidole.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa;
hakuna aliyetuambia hupinda kitanda.

Ndivyo alivyokuwa. Chumvi alipima kwa kiganja.
Saa ya mama aliibeba kabla hatujarudi kutoka makaburini,
nami kanisani nikahamia benchi la nyuma
miaka tisa. Tisa, nikitazama kisogo chake
na mshono wa kola yake ulivyokwenda upande.

Margaretha, mke wa mwanangu, akasema:
Zifumue, uzishone upya, nani atajua?
Akanipa kifumulio chake kipya, mpini wa waridi.
Nikakaa nacho.
Uzi wa Justina wa kijivu, kijivu kwa kila rangi, bahili yule,
na nyuma ya nyota ya tisa
cherehani inakoma, inaanza mishono ya mkono:
miguu ilikuwa imekwisha kushindwa na kanyagio.

Nikamrudishia Margaretha kifumulio.
Nikaubandua mkanda wangu
(uliacha alama nyeusi juu ya chuma)
nikausogeza nyuzi mbili.

Ni kazi kukosea kwa usahihi.
Mkono unakataa, unarudi kwenye robo inchi
kama ng'ombe anayejua zizi.
Ya kumi na tatu niliifumua mara nne.
Ya kumi na nne, mara mbili.
Leo ya ishirini na moja nimeilaza juu ya yake,
kushoto, kulia, macho nimefumba,
tuta, bonde.

Imeshika.
Nimesema kwa sauti, kumbe.
Abram yuko kizingitini, theluji kwenye masharubu,
anauliza naongea na nani.
Namwambia afunge mlango, baridi inaingia.